Mzee Asiyekula Ukweni

Mzee Rugamba alikuwa amelala chali juu ya meza ya chuma, shuka jeupe limemfika kifuani. Hata akiwa maiti alikuwa mtu wa heshima zake: ndevu zimechanwa, kucha zimekatwa, uso umetulia. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Jumamosi alisimama wima kwenye sherehe ya posa ya mjukuu wake huko Gikondo, fimbo mkononi, akizungumza Kinyarwanda cha zamani ambacho vijana walikipigia makofi bila kukielewa. Jumatatu saa mbili asubuhi alikata roho.

Inspekta Sangwa alimtazama kwa kitambo, kisha akamgeukia daktari wa uchunguzi wa maiti.

"Ni sumu?"

"Siwezi kusema. Ameharisha mpaka maji yameisha mwilini, moyo ukashindwa. Kwa umri wake hilo linatosha kuua."

"Maabara?"

"Majibu ya sumu ni wiki tatu."

"Leo Jumanne," alisema Sangwa. "Jalada linatakiwa kwa mwendesha mashtaka Ijumaa. Nina mtu mahabusu."

Mtu huyo aliitwa Mukandekezi, mwenye nyumba ya maziwa pale Gikondo, na mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumhukumu. Wageni mia na ishirini walihudhuria posa. Thelathini na wanne waliugua usiku ule ule: tumbo la kukata, kuharisha, wachache kutapika. Ilisemwa kwamba wote walikunywa maziwa yake saa sita mchana, na wote walikula chakula saa nane. Kwa hiyo ungeweza kulaumu maziwa, au ungeweza kulaumu chakula. Kilichommaliza Mukandekezi ni Mzee Rugamba.

Mzee Rugamba hakula. Hilo lilijulikana na kila mtu. Alilelewa malezi ya zamani, ya Mnyarwanda asiyetafuna mbele ya wakwe zake. Kinywaji, sawa. Sahani mbele yake, hapana, hata kama njaa inamng'ata. Pale kwenye posa alipakuliwa, akasukuma sahani kwa vidole viwili, akatabasamu, na wazee wenzake wakamsifu. Kitu pekee kilichopita midomoni mwake kilikuwa maziwa ya Mukandekezi. Naye ndiye aliyekufa.

Tena, watu walisema, yule mama aliyaonja mwenyewe kwanza na hakuugua. Anayejua sumu iko wapi ndiye asiyeinywa.

Sangwa alirudi kituoni na kuagiza mtuhumiwa aletwe.

Aliingia mama wa miaka hamsini na minane, mfupi, ushungi umefungwa vizuri ingawa alikuwa amelala sakafuni. Alizaliwa Biryogo, babu yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani na marobota ya nguo, na Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho Sangwa, aliyekulia Ngara upande wa Tanzania, hakukisikia mara nyingi Kigali.

"Jina?"

"Mukandekezi. Wengi huniita Mama Twahiru."

"Jumamosi ulipeleka maziwa kwenye posa?"

"Lita sitini. Yamechemshwa, yamepozwa."

"Nani aliyagawa?"

"Mimi mwenyewe. Nilimimina kwenye vikombe vya mti, zile inkongoro za maziwa, nikaonja mbele ya watu, nikawapa wazee."

"Kwa nini ulionja?"

"Inspekta, wewe si mtu wa hapa? Mwenye kuleta kinywaji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Nisingeonja wangesema. Nimeonja, wanasema pia."

Sangwa alijizuia kucheka.

"Ulikula pale?"

"Sikula. Niliosha vyombo vyangu nikaondoka. Nilikuwa na swala ya adhuhuri, na wateja dukani."

"Una ugomvi na Mzee Rugamba?"

"Nilimwona siku ile mara ya kwanza. Alinishukuru kwa maneno mazuri mno, nikatamani angekuwa mteja."

"Maziwa yako unayatunza vipi?"

Hapo yule mama alibadilika. Aliketi sawasawa, akaweka mikono mezani, akaanza kueleza kazi yake kama fundi anayeulizwa habari za saa aliyoitengeneza. Maziwa hupokea alfajiri, huyapima kabla ya kuyapokea, na mfugaji anayeleta ya mashaka hurudi nayo hata kama ni shemeji yake. Huyachemsha mpaka yafure, huyapoza upesi ndani ya maji baridi, huyafunika. Mfanyakazi mwenye tumbo la kuharisha haingii dukani mpaka apone, na mshahara wake haukatwi, kwa sababu ukikatwa atakuja akiwa mgonjwa na kukuficha.

"Na kila chungu ninachochemsha," alimalizia, "nateka kikombe kimoja, nakiandika tarehe, nakiweka kwenye friji siku tatu. Mtu akiniambia maziwa yako yameniumiza, simbishii. Namwambia twende tukapime."

Sangwa alisahau kalamu yake. Katika miaka kumi na minane ya upelelezi hakuwahi kukutana na mtuhumiwa aliyejiwekea ushahidi kabla ya kesi.

"Cha Jumamosi kipo?"

"Kipo. Nilimwambia askari wenu alipokuja kufunga duka. Akasema nitayasema mahakamani."

Sangwa aliinuka bila kumaliza mahojiano.

Nyumba ya maziwa ilikuwa na kioo kimoja kilichovunjwa kwa jiwe. Mlangoni alisimama Sajenti Shyaka, aliyelifunga duka Jumatatu, na kando yake Daktari Annah, afisa wa milipuko ya magonjwa, mwanamke mwembamba aliyekulia Kampala na aliyekuwa hajalala vizuri tangu Jumapili. Shyaka alifungua kufuli. Ndani palikuwa safi kuliko chumba cha maiti alikotoka Sangwa asubuhi. Sangwa alivuta mlango wa friji.

Harufu ikamjibu. Vikombe vitatu vilikuwa vimepangwa, kila kimoja na tarehe yake kwa wino wa bluu, na maziwa yaliyomo yalikuwa yamegawanyika maji na mabonge.

"Nani alizima umeme?" aliuliza Sangwa taratibu.

"Mimi, afande," alijibu Shyaka. "Mita yake ni ya kulipia kabla. Nikaona duka limefungwa, friji itamla umeme wake bure. Nikamhurumia."

Sangwa alitaka kupayuka, akakosa pa kuanzia. Ungemgombezaje mtu kwa huruma? Annah alichungulia vikombe, akatikisa kichwa.

"Hata nikivipima, nitakuta wadudu wa kila kabila, na sitajua yupi aliingia Jumamosi na yupi leo."

"Basi tumemnyang'anya mama wa watu utetezi wake," alisema Sangwa. Aliona aibu, na hakuificha.

"Tumemnyang'anya kikombe," alisema Annah. "Mimi nina watu."

Alifungua mkoba na kutoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne. Kwa siku mbili alikuwa ameuliza watu sabini na mmoja, wagonjwa na wazima, nyumba kwa nyumba, wengine wakiwa chooni yeye akisubiri mlangoni. Kila jina lilikuwa na mstari wake: alikunywa nini, alikula nini, saa ngapi, aliugua saa ngapi. Sangwa alikuwa anajiona mpelelezi. Aliitazama karatasi ile akajua kuna mtu anayeifanya kazi hii kwa bidii zaidi yake.

"Wote wanasema walikunywa maziwa na kula," alisema.

"Karibu wote." Annah aliweka kidole kwenye jina moja. "Huyu hapa. Keith, rafiki wa bwana harusi. Mgonjwa. Kwenye maziwa amejibu hapana."

Keith walimkuta Gisimenti, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, amekaa karibu sana na mlango wa choo. Alikuwa kijana mnene wa Kampala, na siku tatu zilikuwa zimempunguza.

"Hukunywa maziwa kabisa?"

"Afande, mimi sinywangi maziwa. Tangu mtoto. Tumbo inakataa."

"Hata kuonja? Ni sherehe, wazee wanakutazama."

"Nilipokea, nikagusisha mdomo, nikampa mwenzangu. Mimi niko Munyarwanda, sitakataa mbele ya watu. Lakini kumeza, oya."

"Ulikula nini?"

Keith aliinamisha macho. "Nyama. Sahani mbili."

"Mbili?"

"Tatu."

"Ilikuwaje?"

"Tamu, sitakudanganya. Lakini haikuwa ya moto. Ilikuwa vuguvugu tu."

Annah alimtazama Sangwa. "Mama Twahiru alikunywa maziwa, hakula, hakuugua. Keith hakunywa maziwa, alikula, ameugua. Wanaokataa maziwa na kuugua ni mmoja, wanaokunywa bila kula na kubaki wazima ni mmoja. Si wengi, lakini wote wawili wananyoosha kidole kwenye sufuria."

"Na Mzee Rugamba anakinyoosha kwenye maziwa," alisema Sangwa. "Naye ndiye maiti. Hakimu atamsikiliza nani?"

Kabla ya kuondoka Annah alimwachia Keith paketi za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi. Alimwonya asiende kwa mganga wa kutapisha watu sumu, kwa sababu anayeharisha anataka kurudishiwa maji, si kutolewa yaliyobaki.

Mpishi aliitwa Rwema, mtu wa makamo mwenye mikono mipana, anayepikia sherehe nusu ya Gikondo. Hakukimbia wala hakujificha. Walimkuta yeye na masufuria yake uani, yote yamesuguliwa yanang'aa.

"Nyama ya Jumamosi uliipika lini?" aliuliza Sangwa.

"Ijumaa jioni."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Afande, Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Umuganda. Mtaa mzima tunafyeka, tunazibua mitaro, mpaka saa tano hakuna gari kutembea. Kuni zitafika saa ngapi? Nyama ya watu mia na ishirini nitaipika saa ngapi? Njo nikapika Ijumaa."

"Ikalala wapi?"

"Ndani ya sufuria. Nikafunika na majani ya migomba, nikaweka blanketi tatu juu, isipoe." Rwema alijivuna kidogo. "Asubuhi naweka mkono, iko bado vuguvugu!"

Annah alifumba macho.

"Ukaichemsha tena?"

"Nikapasha. Wageni walikuwa wamefika, mama wa bibi harusi ananipigia kelele. Haikutokota, lakini harufu ilikuwa nzuri, daktari. Haikunuka hata kidogo."

"Hainuki, Rwema. Ndiyo hatari yake," alisema Annah. "Moto wa Ijumaa uliwaua wadudu, lakini wanaacha mbegu zisizokufa. Nyama ikipoa upesi, zinalala. Ikikaa vuguvugu usiku kucha, zinaamka na kuzaana. Wewe umewatandikia kitanda na blanketi tatu!"

Rwema aliketi juu ya sufuria iliyopinduliwa.

"Ningefanya nini?"

"Ungeigawa kwenye vyombo vidogo vipana ipoe haraka, uiweke penye baridi, na baada ya umuganda uichemshe mpaka itokote yote, ya juu na ya chini. Kama huna baridi, usipike siku moja kabla. Wageni wangengoja. Kinywaji kilikuwapo."

"Na anayekula atajuaje?"

"Akipakuliwa nyama ya sherehe na mvuke hauonekani, airudishe jikoni. Si utovu wa adabu."

Sangwa alikumbuka mishikaki aliyokula maishani mwake Gisimenti bila kuuliza swali lolote.

Rwema alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Kama ni mimi niliyemuua muzehe, nifungeni mimi. Mutoeni yule mama wa maziwa. Nimepika naye sherehe ishirini, hana kosa."

Sangwa aliishusha ile mikono polepole. Wapo wakubwa wengi aliowahoji waliokuwa na visomo na magari, na hakuna aliyewahi kumpa jibu la kiungwana namna ile.

"Sitakufunga kwa maneno haya tu," alisema. "Sufuria umeziosha, sina nyama ya kupima. Na yule mzee hakula nyama yako."

Hapo ndipo uchunguzi ulipokwama, na Jumatano yote ikapita imekwama. Mzee Rugamba alizikwa siku hiyo. Sangwa alisimama nyuma ya umati. Mhubiri alisema marehemu ameondoka kama alivyoishi, akinywa maziwa ya wakwe bila kugusa sahani yao, na kwamba vijana wa leo wajifunze. Watu waliitikia kwa sauti. Binti yake Cécile, mama wa bwana harusi, aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti.

Alhamisi asubuhi Sangwa alitandaza tena karatasi ya Annah mezani kwake. Hakusoma majina. Alisoma saa, mstari kwa mstari, akitumia rula. Saa sita usiku. Saa saba. Saa nane na nusu. Saa sita na robo. Saa kumi na moja alfajiri. Wagonjwa wote walishikwa kati ya usiku wa manane na kuchomoza kwa jua. Kisha rula ikafika mstari wa mwisho, ule ambao Annah aliunakili kutoka kwenye kadi ya hospitali.

Rugamba: alianza kuharisha Jumapili saa saba mchana.

Sangwa alimpigia Annah simu.

"Mdudu wa nyama ya vuguvugu anachukua muda gani mpaka tumbo likatike?"

"Saa nane hadi kumi na sita, mara nyingi."

"Mzee alikunywa maziwa pamoja na wengine, saa ile ile, chombo kile kile. Kwa nini aliugua mchana wakati wenzake waliugua usiku?"

Sangwa alisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

"Uzee?" alijaribu Annah. "Hapana. Mzee huwahi, hachelewi. Nisubiri, narudi nyuma kutoka saa saba. Nikirudi saa kumi na sita, ni saa tatu usiku wa Jumamosi. Nikirudi saa nane tu, ni saa kumi na moja alfajiri."

"Kwa hiyo alikula kati ya saa tatu usiku na alfajiri."

"Sangwa, nimeiangalia karatasi hii siku tano sijaiona."

"Wewe ndiye uliyeiandika. Mimi nimesoma tu. Alilala wapi Jumamosi?"

Wote wawili walijua jibu. Alilala kwa binti yake.

Nyumba ya Cécile ilikuwa Remera. Uani kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, wazee wanaozungumza chini kwa chini. Cécile alikuwa na miaka hamsini na sita, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, kitenge cheusi, macho yamevimba. Aliwapokea jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa hakuna watu.

"Pole sana, mama," alisema Sangwa.

"Asante."

"Tuna maswali machache. Jumamosi mliondoka Gikondo saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Baba alikuwa mzima?"

"Mzima. Alichoka tu."

"Alikula nini usiku?"

"Chai."

"Na nini?"

"Chai, bwana Inspekta. Baba hakula. Watu wote walimwona."

"Walimwona ukweni. Mimi nauliza hapa."

"Hakula."

"Wewe uliugua?"

"Saa sita usiku. Nilidhani ni maziwa."

"Saa sita usiku uliugua wewe, na baba alikuwa mzima bado?"

"Ndiyo."

"Maziwa mliyoyanywa pamoja."

"Mama," alisema Annah kwa upole, "ningeomba kuona friji yako. Kama kuna chakula cha Jumamosi kisije kikaliwa na hao waombolezaji. Ni kwa usalama wao."

Cécile alisogea akasimama mbele ya friji, mgongo wake umeugusa mlango. Kisha mabega yakamshuka, akasogea kando.

Rafu ya chini, nyuma ya mboga, kulikuwa na hotipoti ya buluu. Ndani yake kulikuwa na vipande vitano vya nyama kwenye mchuzi ulioganda.

"Ya Gikondo?" aliuliza Sangwa.

"Ya Gikondo. Mama wa bibi harusi alinifungashia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeshindwa kuitupa. Ni chakula chake cha mwisho, mon Dieu, ningekitupaje?"

"Ilikaa wapi kabla ya friji?"

"Kwenye gari, halafu hapa mezani. Saa tatu usiku nikampashia kidogo. Vuguvugu, kwa sababu ya meno yake."

"Endelea."

"Alikuwa na njaa. Kutoka asubuhi alikuwa na maziwa tu tumboni. Kwenye gari alininong'oneza, Cécile, ile nyama ilikuwa inanukia sana. Akacheka kama mtoto. Nikafunga mlango wa jikoni, nikafunga na dirisha. Alikula kwa mkono, pale alipokaa daktari."

Annah aliinuka kwenye kiti kile bila kufikiri, akasimama ukutani.

"Hospitali uliulizwa alikula nini," alisema Sangwa.

"Nikasema maziwa tu."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua." Sasa alikuwa analia waziwazi, na hakujifuta. "Nilikuwa nimeugua usiku. Alipoanza yeye mchana nikajua ni nyama. Lakini chumba kilikuwa kimejaa watu, wakwe wamekuja na matunda. Ningesemaje mbele yao kwamba Rugamba alikula nyama ya wakwe jikoni, amejificha? Miaka themanini alijijengea jina lile. Nikasema maziwa. Alipokufa lile neno likawa gumu zaidi. Nikisema alikula, ni lazima niseme nani alimlisha."

"Na Mukandekezi?"

"Nilijiambia watamwachia. Mtu asiye na kosa huachiwa, si ndiyo?"

"Yuko sakafuni siku ya nne," alisema Sangwa. "Duka lake limevunjwa kioo. Kuna wamama wanaowaambia watoto wao wasipite mtaa ule."

Cécile alifunika uso. Sangwa alitamani kukasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini alichokiona mbele yake ni mtoto aliyempa baba yake chakula alichokitamani. Aliandika maelezo yake neno kwa neno. Cécile aliyasoma, akasahihisha mahali pamoja, akasaini.

"Kumdanganya mpelelezi ni kosa," alisema Sangwa. "Mwendesha mashtaka ataamua. Mimi nitaandika kwamba umesema ukweli kwa hiari."

"Hii karatasi itamtoa?"

"Itamtoa mahabusu. Haitamrudishia wateja."

Annah aliibeba hotipoti mwenyewe mpaka maabara, akakaa nje ya mlango mpaka walipomfukuza.

Ijumaa kabla ya saa sita majibu yalifika. Mdudu aliyekutwa kwenye vinyesi vya wagonjwa kumi na mmoja, na kwenye sampuli za marehemu, ndiye aliyekuwa kwenye nyama ya hotipoti. Rwema aliitwa, akaandikiwa onyo na kuamriwa kuhudhuria mafunzo ya usafi wa chakula. Akauliza kama anaweza kuwaleta wapishi wenzake sita. Mukandekezi aliachiwa huru saa saba.

Sangwa alimsubiri mlangoni ampeleke nyumbani kwa gari.

"Kabla hujasikia kwa mwingine, mama," alisema, "friji yako tuliizima sisi. Vikombe vyote vimeharibika. Samahani."

Mama Twahiru alimtazama, kisha akatazama pembeni, ambako Shyaka alikuwa amesimama na uso wa mtu anayengoja kofi.

"Mtu akizima friji lazima atoe vilivyomo," alisema. "Mkumbushe. Vinginevyo ni kijana mwema." Akapanda gari, akarekebisha ushungi. "Usinipeleke Gikondo. Nipeleke kwenye msiba. Mzee amezikwa, na mimi sijatoa rambirambi."

"Mama, pale watu bado wanaamini—"

"Wanaamini nini si kazi yangu. Rambirambi ndiyo kazi yangu."

Alipoingia uani Remera, mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja alivuta kiti chake nyuma. Mwingine alimshika mtoto mkono. Mama Twahiru alisimama katikati ya turubai, viatu vina vumbi la mahabusu, na hakuna aliyempa pa kukaa. Sangwa alianza kusogea mbele, lakini Cécile alimtangulia. Alitoka jikoni, akasimama mahali pa baba yake, penye kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Baba yangu alikula," alisema.

Watu hawakuelewa. Akarudia kwa sauti.

"Jumamosi usiku, jikoni kwangu, alikula nyama ya Gikondo. Mimi nilimlisha, nami ndiye niliyeficha. Nyama ndiyo iliyomwua. Huyu mama maziwa yake yalikuwa safi, na mimi nimemlaza sakafuni siku nne kwa ajili ya jina la baba yangu. Nihukumuni mimi."

Halafu, kutoka safu ya mbele, mzee mmoja wa rika la marehemu alikohoa. Alikuwa na koti kuukuu na medali mbili.

"Na mimi hula," alisema. "Nikifika nyumbani. Mke wangu huniwekea."

Mzee wa pili alitikisa kichwa kukubali. Wa tatu akasema yeye huwekewa ndizi. Mtu akacheka, akajiziba mdomo, na kicheko kikapita viti vyote mpaka nyuma, pamoja na machozi. Yule mwanamke aliyevuta kiti chake alikiinua, akamletea Mama Twahiru.

Hakukikalia. Alimwendea Cécile, akamshika mikono yote miwili, akasogeza uso karibu ili watu wasisikie. Sangwa, aliyekuwa hatua mbili tu, alisikia.

"Alishiba?"

"Alishiba, mama. Aliomba nimwongeze, nikamwongeza."

"Alhamdulillahi," alisema Mama Twahiru, na akaketi kando yake.